Injini Ilipokufa Kule Kapseret

Siku moja naikumbuka kuliko zote, mwanangu, na ndiyo iliyonifanya niwe mzee wa kushuku-shuku kama unavyoniona. Wewe husema babu haamini kitu. Ni kweli. Gari likipita hapa Kapsoya likinguruma hadi vioo vya madirisha vinatetemeka, wewe unakimbilia langoni kuliangalia. Mimi nabaki na chai yangu nikijiuliza, huyu naye anaficha nini? Nimekuwa fundi wa magari mjini Eldoret miaka mingi, na boneti za hao wangurumaji nimezifungua nyingi. Mara nyingi ni injini ndogo tu iliyokatwa ekzosi, lile bomba la moshi. Debe tupu haliachi kuvuma.

Lakini usidhani nilizaliwa na shaka hii. Nilipokuwa na miaka ishirini niliamini kila kitu kilichopiga kelele, na zaidi ya yote niliamini masikio yangu.

Tulikuwa tukiishi Kapseret, nje kidogo ya mji, na mwaka ule mashindano ya magari yalipita kwenye barabara yetu ya vumbi, kama yalivyokuwa yamepita miaka ya nyuma. Gari lenyewe ulikuwa unaliona kufumba na kufumbua, kisha unabaki ukitema vumbi. Kwa hivyo mbio tulizitazama kwa masikio. Tulikaa juu ya ukingo wa barabara, watu kimya kabisa. Kwanza unasikia mvumo mwembamba ng'ambo ya kilima, kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo. Moyo unaanza kwenda mbio. Mvumo unapanda, unashuka dereva akibadilisha gia, unapotelea bondeni, unarudi ukiwa mkubwa, mpaka unausikia ndani ya kifua. Gari likitokea, wewe umeshamaliza kushangilia. Anayesema sauti ni kitu kidogo kwenye mashindano hakuwahi kukaa kwenye ukingo ule.

Na mimi, bila kujisifu, nilikuwa na sikio. Gari likiwa bado ng'ambo ya kilima nilikuwa nikisema, hilo ni la bluu, hilo ni lile jeupe lenye taa nne, na ni kweli lilitokea hilo hilo. Waliniita Redio. Akina mama waliacha kupalilia kuja kuniuliza ni gani linakuja. Kichwa kilinivimba, mwanangu. Kilivimba sana.

Jirani yetu alikuwa Mzee Kiprono. Masikio yake yalikuwa yameharibiwa na msumeno wa kiwanda cha mbao alikofanya kazi ujanani, akawa hasikii ila ukisimama mbele yake na kusema kwa nguvu. Hata hivyo hakukosa mashindano. Alikuja na punje za mahindi mfukoni, idadi sawa na magari yaliyoondoka asubuhi, maana alikuwa amemuuliza msimamizi aliyewekwa kwenye kona yetu. Gari likipita, alihamisha punje moja kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Sisi vijana tulimcheka. Ati mtu anatazama mbio bila kusikia injini! Mimi nilisema ni kama kula ugali mkavu.

Sasa sikiliza. Mpaka saa nne hivi magari mengi yalikuwa yameshapita. Dada yangu Wambui, wakati huo msichana wa miaka kumi na minne, alikuwa amesimama nasi na mkebe wa maziwa. Gari la kukusanya maziwa lilikuwa likingoja ng'ambo ya barabara, na dereva wake alikuwa ameanza kupiga honi. Maziwa yale yakibaki, yangeganda, na Mama hakuwa mtu wa kuletewa maziwa yaliyoganda. Desturi yetu ilikuwa kwamba hakuna anayevuka mpaka gari la mwisho, lile lenye bendera, lipite. Lakini Wambui akanitazama mimi. Watu wote wakanitazama mimi.

Nikasikiliza. Nikasikia injini ng'ambo ya kilima, ikakohoa, ikakohoa tena, ikafa. Kisha kimya. Nikangoja kidogo, kimya kile kile. Nikajua kwa hakika kwamba ndilo lile la mwisho lenye bendera, limeharibika na halitafika. Na kwa kweli injini ilikuwa imekufa, sikio langu halikunidanganya hata kidogo.

Nikasema, "Gari zimeisha. Vukeni."

Mzee Kiprono akaona watu wanainuka. Akashuka barabarani haraka, akanyoosha fimbo yake kuwazuia, akatuonyesha punje moja iliyobaki. Watu wakasita, wakanigeukia. Hapo ndipo niliposema neno ambalo mpaka leo linaniuma. Nilimwendea karibu ili asikie vizuri, nikamwambia, "Mzee, masikio yako yalikufa zamani. Usitucheleweshe."

Watu wengine wakacheka. Wambui akapita kando ya ile fimbo na mkebe wake.

Gari lilitokea juu ya kilima bila sauti yoyote. Lilikuwa likiteremka lenyewe, injini imezimika, dereva akiliachia mteremko ili aliwashe kwa gia, kama tunavyofanya sote betri ikikataa. Mimi nilikuwa nimegeuka kuwatazama waliocheka. Aliyeliona ni mzee yule ambaye sikuzote alitazama kwa macho. Akamdaka Wambui kwa leso ya kiunoni, akamvuta, wakaanguka wote mtaroni. Mkebe ulibaki barabarani. Gari lilipita juu yake, na tukabaki tukiangalia maziwa yakiingia vumbini.

Nilikaa chini kama mtoto nikalia mbele ya watu.

Mzee Kiprono aliinuka, akajipangusa, akaja mbele yangu. Nilitarajia fimbo. Hakunipiga wala hakupaza sauti. Aliuliza tu, "Injini ndiyo ilikufa. Mteremko nao ulikufa?"

Basi, siku hizi unanionyesha kwenye simu mbio za magari ya umeme, unalalamika kwamba hayangurumi na hayana ladha. Ladha nakubali, hata mimi naikosa. Lakini yale yanayonguruma siku hizi siyaogopi. Nayaogopa yanayokuja kimya, maana kimya kingi kina mshindo mkuu. Na si magari peke yake. Mwanasiasa akinguruma, muulize amebeba nini. Rafiki aliyekuwa na kelele akinyamaza ghafla, usiseme yameisha. Sikio ni shahidi mzuri lakini ni shahidi mmoja, nawe kabla ya kumwambia mwingine "vuka," tafuta wa pili. Ukikosea mwenyewe utaumia mwenyewe. Ukiwa Redio ya watu, anayevuka ni Wambui.

Yeye sasa ni nyanya wa watu, na ulimi wake haujachoka. Tukifika barabarani pale mjini hunishika mkono, hutabasamu, huniuliza, "Redio, gari zimeisha?" Nami hutazama kulia, hutazama kushoto, hutazama kulia tena, ndipo namjibu.

Mungu akupe sikio kali, mwanangu, na akupe macho ya kulichunga. Na siku utakapokosea, kama mimi nilivyokosea, akuwekee karibu mtu mmoja anayehesabu.