Nusu Nyumba ya Dominika

Nyumba ya Dominika pale Majengo, mjini Moshi, haikuwa nyumba nzima, ilikuwa nusu. Fundi mmoja Mhindi aliwajengea wanawe wawili: paa moja, ukuta mmoja katikati, milango miwili. Mwana mmoja alipohama, nusu yake ikanunuliwa na Basili, mume wa Dominika, fundi cherehani. Nusu ya pili ikabaki kwa Savita, mjukuu wa yule fundi.

Ukuta wenyewe mwembamba. Savita akikoroga chai, Dominika anasikia kijiko. Dominika akimsema Basili, Savita anagonga ukuta kwamba imetosha, amwache mwanaume ale. Paa likivuja kwa mmoja, fundi anapandia kwa mwingine, maana kenchi, mbao zinazobeba paa, zilikwenda mwisho hadi mwisho bila kukatwa. Wakazeeka hivyo.

Basili akafa, akazikwa Kibosho kihambani, shamba la ukoo wao. Wiki haikuisha, shemeji zake wakamweleza Dominika kwamba kihamba ni cha wanaume, na yeye hakuzaa hata mmoja. Akashuka mjini na shuka zake. Akabaki na ile nusu tu.

Mwaka jana Savita alichukuliwa na binti yake Dar. Sehemu yake akainunua Fabian, mwenye duka la saruji na nondo Himo, anataka ghorofa. Alisema anabomoa kwake tu, kwa Mama hagusi. Dominika akamuuliza, kwani hilo paa ni mkate? Akamsema mtaa mzima ukasikia. Mwenyekiti wa mtaa naye akamwambia kila mtu ana haki kwenye chake.

Ndipo akakumbuka sale, mmea wa mipakani Uchaggani. Fabian ni Mchagga wa Marangu, na Mchagga ukimpelekea jani la sale kumwomba radhi, hata kama ulimchomea nyumba, hakatai. Akapanda Kibosho, akakata jani mpakani kwa shemeji zake bila kuwaomba, akavaa kitenge cha kanisani, akaenda Himo.

Fabian alimpa shikamoo, akalipokea jani kwa mikono miwili. Hata machozi yalimlengalenga, mnafiki yule.

"Nimekusamehe, mama yangu. Yote uliyonisema mtaani, nimesamehe."

"Sikuja kwa maneno, Fabian. Nimekuja kwa paa."

"Sale ni ya msamaha, mama, nami nimetoa. Paa ni mambo ya mafundi."

Dominika alirudi Moshi. Kumbe amekwenda kumwomba radhi mtu anayemkosea. Na waliopatana kwa sale hawafufui ugomvi, ni aibu. Alikuwa na mdomo tu wa kujitetea, na huo ameufunga mwenyewe.

Jumatatu mafundi wakapanda. Walikata kenchi juu ya ukuta, wamenyoosha mstari kwa kamba kabisa. Upande wa Dominika zikainama, na ule ukuta ukaanza kupasuka kutoka juu. Jirani yake Magreth akamwambia apige kelele basi.

"Yameshaongelewa," Dominika akajibu.

Mchana mvua ya Aprili ikaingia. Akavuta kitanda hadi mlangoni, mbali na ukuta, akaketi juu yake na viatu miguuni.