Minazi ya Haneti

Mradi ulipotuletea minazi Haneti, hakuna aliyeshangaa. Tulishazoea kuletewa vitu. Lori lilishusha miche mbele ya ofisi ya kijiji, kisha mtaalamu kijana akatutangazia kwamba baada ya miaka michache tutakuwa tunauza madafu. Tukapiga makofi mpaka viganja vikauma. Mvua ya kwetu hunyesha kama imelazimishwa, lakini nani amkatishe tamaa mtu aliyetoka mbali?

Mama yangu peke yake ndiye aliyenyoosha mkono.

"Baba, mti huu unakunywa maji kiasi gani?"

"Ya kawaida tu, mama yangu," mtaalamu alijibu kwa heshima zote, akaingia kwenye gari lenye kiyoyozi.

Ya kawaida ikawa ndoo nzima kila jioni, kutoka kisima tulichogombania na ng'ombe. Majirani wenye akili timamu waliiacha miche yao ikauke, wakarudi kwenye alizeti. Mama aliujengea wake kibanda cha mabua, akauzungushia miiba ili mbuzi wasiufikie. Nikiomba maji ya kuoga, naambiwa nisubiri, mgeni hajanywa.

Wakaguzi walipokuja, mche uliobaki hai kijijini ulikuwa huo wa mama. Wakamvisha fulana ya mradi, wakamsimamisha pembeni. Mpiga picha akalala chini kifudifudi ili mnazi uonekane mrefu. Ulikuwa haujafika hata gotini.

"Hongera, mama! Mradi umefanikiwa."

Mama aligeuka kutazama nyuma yake, nadhani akidhani kuna shamba lingine.

Kiangazi kilichofuata kisima kilibaki tope. Tulikuwa na ndama mchanga, na ndoo moja isingetosha wawili. Mama alisimama na ile ndoo muda mrefu, halafu akampelekea ndama. Siku mche ulipolala chini, alikibomoa kibanda mwenyewe, mabua akampa ng'ombe, akaingia ndani. Nilikuwa na mzaha mzuri sana tayari mdomoni. Nikaumeza.

Mvua ziliporudi, akapanda maboga kwenye shimo la mnazi, lililobaki na samadi aliyokuwa ameutilia. Yakatambaa mpaka kwenye mlango wa jiko. Majani tuliyapika kwa karanga, na mama akawa anawagawia hata wale majirani wenye akili timamu.