Sanduku Lililojaa Kule Dar

Kompyuta nilijifunza peke yangu, kwa kusoma kurasa za msaada zilizokuja ndani ya programu zenyewe, kamusi ya Kiingereza ikiwa mapajani. Kwa kuwa hakuna aliyenifundisha, hakuna pia aliyeweza kujua nimekosea wapi. Kwa muda mrefu niliona hiyo ni sifa.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nina cheti cha kidato cha nne ambacho sikupenda kumwonyesha mtu, na nilifanya kazi ya kuchapa katika duka la vifaa vya ofisi pale Bulyaga, mtaa wa mji wetu mdogo wa milimani. Mwenye duka alikuwa mwalimu aliyepunguzwa kazini serikali ilipokuwa inapunguza watu. Wenzake waliopunguzwa pamoja naye walifungua baa, mashine za kusaga, vibanda vya mitumba. Yeye alinunua mashine ya fotokopi, kompyuta iliyokwisha kutumika na modemu ya kuiunganisha na laini ya simu, akaandika mlangoni kwa rangi nyekundu: BARUA PEPE HAPA.

Laini ya simu ilikuwa moja, na minara ya simu za mkononi ilikuwa bado haijatufikia. Kwa hiyo tulikuwa na utaratibu. Barua za watu wetu zilikuwa zinafikia kwanza kwenye seva, kompyuta kubwa ya kampuni iliyotuuzia huduma kule Dar, na kukaa humo katika sanduku letu. Kila siku saa nne asubuhi nilipiga, modemu ikalia kilio chake, programu ikatuma za kutuma na kuleta za kuletwa, nikakata. Simu ikarudi kuwa simu. Anwani yetu ilikuwa moja tu, na iliwatosha walimu na wauguzi waliohamishiwa kwetu kutoka mikoa mingine, pamoja na wazee wenye watoto nje ya nchi.

Nikiri kitu hapa, maana yaliyofuata yanatoka humo. Sikuwa nachapisha barua kama zilivyokuja. Nilizinakili upya kwenye ukurasa safi, nikaondoa ile mistari mirefu ya juu isiyoeleweka, nikapanga aya, nikarekebisha nukta na mkato. Nikikuta kosa baada ya kuchapisha, nilichana karatasi na kuanza tena. Mama mwenye duka alikuwa ananitania, "Binti, hata Mungu siku ya saba alipumzika." Nilicheka, huku naichana karatasi nyingine.

Kisha siku moja umeme ulikatika na kurudi kwa kishindo, kompyuta ikaamka bila barua hata moja. Muuguzi mmoja aliyekuwa anasubiri habari za uhamisho alisimama mbele yangu akaniuliza, "Sasa dada, barua yangu iko wapi?"  Wiki ile sikula vizuri. Nikaingia kwenye mipangilio ya programu, nikasoma kila mstari, mpaka nikakuta kijisanduku kidogo kinachosema nakala za barua ziachwe kwenye seva. Nikakitia alama ya vema. Tangu hapo kila barua ilikuja kwetu na ikabaki Dar pia. Sijui kama nimewahi kupata amani kama ile. Sikuwaza hata mara moja kwamba kule Dar nako nafasi ina mwisho.

Baada ya miezi kadhaa barua zilianza kupungua, halafu zikakoma. Kila asubuhi programu iliniambia hakuna ujumbe mpya, bila kulalamikia kosa lolote. Za kwetu zilikuwa zinaondoka vizuri. Niliwaambia watu, "Hamjaandikiwa." Mama akasema nipige simu kwa ile kampuni. Nilikataa. Niliwahi kuwapigia zamani, kijana wa kule akaniuliza kwa kicheko, "Dada, hii umejifunzia wapi?" Sikutaka kuulizwa tena.

"Nitalimaliza mwenyewe, mama," nilisema.

Ilikuwa hivyo hivyo Jumatatu ile alipoingia mzee wa kijiji cha Masoko. Alikuwa mteja wetu, mkulima wa kahawa na ndizi, mwanawe wa kwanza yuko masomoni Ulaya. Alivua kofia, akanisalimia kwa Kinyakyusa, nikaitikia. Kisha akasema mkewe amefariki jana.

"Mwandikie mwanangu," alisema. "Mwambie mama yake amelala. Aseme kama anakuja, tumsubiri. Kwetu mtoto wa kwanza ndiye anayetangulia kutupa udongo."

Niliandika. Ikaondoka. Nilimwambia, "Tata," yaani baba, "imeondoka," na hilo lilikuwa kweli.

Jumanne alifika kabla hatujafungua. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani na koti lake lilikuwa limelowa mabegani. Mkewe alikuwa amelala nyumbani, watu wamejaa uani, na yeye amekuja kukaa kwenye benchi letu, kofia juu ya goti. Wazee wa ukoo walikuwa wamempa mpaka saa sita. Asipopata neno la mwanawe, wanazika saa tisa.

Saa nne nilipiga. Hakuna ujumbe mpya.

Nilijua atakuwa amejibu. Mtoto gani angekaa kimya? Kwa hiyo kosa liko kwangu, nilifikiri, katika jina la akaunti, au neno la siri, au namba za seva. Nilifanya kile nilichokuwa nafanya na karatasi zangu. Nilifuta akaunti yote kwenye programu, nikaiandika upya kutoka mwanzo, herufi kwa herufi, nikapiga tena.

Safari hii barua zikaanza kuingia. Programu ilikuwa imesahau kila kitu ilichowahi kuleta, ikawa inazivuta nakala zote kutoka Dar kana kwamba ni mpya: ya kwanza kati ya mia nne na kitu. Miongoni mwazo zilikuwemo picha za harusi ambazo kila moja ilichukua robo saa. Niliziona ni za zamani. Lakini niliamini kwamba mwishoni, chini ya zote, ipo ya mzee. Nikaacha laini wazi.

"Binti, simu," Mama alininong'oneza ilipofika saa tano. "Mtu akitaka kupiga je?"

"Nikikata inaanza upya, mama. Nakuomba."

Karibu na saa sita nililiona jina la mwanawe. Nilipiga kelele, "Tata, imefika!" Akasimama. Nikafungua, na ilikuwa barua ya mwaka uliopita.

"Ni ya zamani," nilisema. "Samahani. Ni ile ya zamani."

Hakukaa. "Isome tu."

Nikasoma. Mwanawe alikuwa anamshukuru mama yake kwa sweta aliyomfumia, akisema huko aliko kuna baridi inayoishinda ya milimani Isongole. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ndaga," yaani asante, akakaa.

Saa saba mtoto wa nduguye, mtu mzima mwenye familia, alifika na pikipiki. Hakuingia ndani, alisimama mlangoni. "Tata, tumekuongezea saa nzima. Watu wanauliza."

"Bado zinaingia," nilimwambia mzee. 

"Mwanangu hajaandika," alisema, kama mtu anayenitoa kwenye shida. Akavaa kofia.

Barua ya mwisho iliingia karibu na saa nane. Ilikuwa tangazo la semina ya walimu. Walimzika saa tisa, mvua ikinyesha.

Jumatano asubuhi nilipiga simu Dar. Kijana wa kule hakucheka. Alisema, "Dada, sanduku lenu limejaa, muda sasa. Nakala zote hizo unaziacha za nini? Huku si stoo. Zinazokuja zinakosa pa kuingia, nyingine zinarudi kwa aliyeandika, nyingine zinasubiri nje." Ilichukua dakika tatu. Nilitoa ile alama ya vema, nikaamuru nakala zote zifutwe, nikapiga tena. Zilizokuwa zinasubiri nje zikaanza kuingia moja moja. Ya mwanawe ilikuwa ya tatu. Ilikuwa na mistari minne:

"Baba, nimepata ndege. Nitafika nyumbani Alhamisi. Msimzike mama kabla sijafika. Nimepiga simu ya dukani tangu asubuhi, inatumika tu, nitaendelea kupiga."

Niliinakili kwenye ukurasa safi kama kawaida yangu. Nikaondoa mistari ya juu. Nikarekebisha nukta. Kisha nikaifuta ile sentensi ya mwisho. Sikuwa na hasira wala haraka. Niliifuta jinsi nilivyokuwa nafuta kila doa, nikachapisha, nikaitia kwenye bahasha. Mama hakuona, alikuwa anahudumia mteja wa fotokopi.

Nilifika Masoko mchana. Wanaume walikuwa wameketi kwenye majani makavu ya migomba, kaburi likiwa hatua chache kutoka pale, udongo bado mweusi. Mzee hakujua kusoma. Alinirudishia karatasi akasema, "Soma."

Nikasoma sentensi tatu. Niliposema Alhamisi, wanaume waligeuka kulitazama kaburi. Alhamisi ilikuwa kesho.

Mtani wa ukoo, ambaye kazi yake msibani ni kuchekesha, ndiye aliyesema kwanza. "He! Barua ya hewani imeshindwa na lori la ndizi? Binti, siku nyingine mpe dereva, itafika na mkungu juu!"

Watu wakacheka, kicheko kile cha msibani. Mimi pia nilicheka. Mzee hakucheka.

"Ana namba ya simu ya duka," alisema polepole. "Nilimpa mwenyewe kwenye karatasi siku anaondoka. Kwa nini hakupiga?"

Nilikuwa na jibu lake. Nilikuwa nimelifuta saa mbili zilizopita.

"Sijui, tata," nilisema.

Akatikisa kichwa. "Huko wanasahau," alisema, na siku ile hakusema nami tena.

Nimejaribu mara nyingi kujieleza kwamba nilikuwa mdogo, kwamba niliogopa kufukuzwa. Hayo ni kweli, lakini Mama asingenifukuza. Niliogopa tu watu wakae wakijua kwamba mimi ndiye niliyekuwa nimekalia ile simu. Kosa la kutojua nafasi ya seva ningeweza kulibeba. Hili la pili nililifanya nikiwa najua kila kitu.

Mwanawe alifika Alhamisi kama alivyosema. Juma lililofuata alikuja dukani, kijana mrefu, macho mekundu, bahasha yangu mkononi. Alimwamkia Mama, kisha akasogea mezani kwangu na kuongea kwa sauti ya chini.

"Baba haongei na mimi. Anasema sikujisumbua kupiga." Akaifungua karatasi mbele yangu. "Dada, hapa kuna sentensi yangu haipo."

"Ndiyo, kaka."

"Ilipotea?"

Ningeweza kusema ndiyo. Zilikuwa zimepotea nyingi.

"Niliifuta mimi. Simu nilikuwa nayo mimi, siku nzima."

 Nilisubiri anitukane, ingekuwa nafuu. Akachukua kalamu yangu, akainama, akaandika ile sentensi kwa mkono wake chini ya tatu zangu nilizozipanga vizuri. Mwandiko wake ulikuwa mbaya, ulipanda kama mtu anayepanda kilima. Akaikunja karatasi, akairudisha kwenye bahasha, akaondoka bila kuaga.

Mzee hakuacha kuja. Mwanawe aliporudi masomoni barua zilianza tena, na kila mwisho wa mwezi alishuka Bulyaga, akavua kofia, akanisalimia kwa heshima ile ile, nami nikaitikia. Nilimpa bahasha yake. Siku hizo nilikuwa nachapisha kila kitu kama kilivyokuja, pamoja na mistari ya juu na makosa yake. Zamani alikuwa ananirudishia karatasi na kusema, "Soma." Sasa aliitia bahasha mfukoni bila kuifungua, akavuka barabara hadi kwa fundi cherehani, akakaa pale kwenye kigoda, na kutoka dirishani nilimwona fundi akisimamisha mashine, akijifuta mikono, akimsomea.