Vishimo vya Priscah

Nikiikumbuka ile silinda, natamani kutema mate chini.

Priscah alikuwa fundi wa kuchonga silinda kwenye gereji yetu pale Amalemba. Uchafu haukumtisha. Ukimkuta amechutama njiani, jua anamkagua yule mdudu anayeviringisha mavi ya ng'ombe. Siku moja mimi niliziba pua nikirudi nyuma. Akanisukumia kioo cha kukuzia.

"Osiako, acha maringo. Tazama mgongo wake, una vishimo vidogo vidogo. Ndiyo maana matope hayamshikangi."

Wazo lake lilikuwa hili: ukuta wa silinda ukiwa na vishimo kama vile, kila kimoja kitahifadhi tone la oili, na pistoni itateleza bila kusagika. Bosi wetu Wanjala alicheka wee, kisha akampa injini ya trekta ya Titus, mbeba miwa wa Butali.

"Ikimaliza msimu, wewe ndiye fundi mkuu. Ikiharibika, funga virago."

Siku nne Priscah aliinama akitoboa vishimo vidogo kuliko punje ya wimbi. Mgongo ulimuuma, akaendelea kutoboa.

Siku ya kufunga injini akaenda mjini kutafuta spea. Wanjala akachungulia silinda. "Ai! Hii imeshikwa na ndui? Titus aone hii takataka?" Sisi hapa, kitu kisipong'aa hakijatengenezwa; hata sufuria tunaisugua kwa majivu mpaka ujione. Akachukua msasa, akasugua wee, akachoka, akanipa mimi. "Malizia. Ing'ae."

Nilijua vile vishimo ni vya nini. Nikasugua mpaka nikaiona pua yangu humo ndani. Priscah aliporudi, injini ilikuwa imeshafungwa.

Siku ya pili pistoni ikasagika, trekta ikakwama mlimani na miwa yake, ikarudishwa ikivutwa. Titus alifoka. Wanjala, mtu mzima ovyo, akamnyooshea Priscah kidole. "Ni huyu na wadudu wake wa mavi!" Puu! Mtu anasema hivyo bila hata kupepesa macho!

Priscah alichukua spana. Alifungua injini, akapitisha kidole kwenye silinda, akanigeukia.

"Osiako, vishimo vyangu viko wapi?"

Wanjala alikuwa akinitazama.

"Labda vimelika vyenyewe, dada," nikasema.

Akanawa mikono, akakusanya vifaa vyake, akaondoka. Tangu Jumatatu, fundi mkuu ni mimi.