Kidole Gumba cha Ukoo wa Jilala

Leonia wa Lusu amechoka, na uchovu wake si wa jembe. Kila wiki ya nne humbeba Julieth, bintiye wa miaka mitatu, hadi hospitali Tabora kuongezewa damu, maana mwili wa mtoto haujitengenezei ya kutosha. Akirudi, mama mkwe wake Siwema humpokea kwa wimbo uleule: "Damu ya kwenu ni maji."

Safari hii wazee wa ukoo wa mumewe walikuwa wamekata shauri. Jumamosi Leonia arudishwe kwao Isevya. Mtoto abaki, ni wa ukoo. Ushahidi wanao: kidole gumba chake kina pingili tatu, kirefu kama vidole vingine, sawa na cha baba yake, Ngassa, na cha marehemu babu yake, mzee Jilala. Anayezaliwa nacho hupigiwa vigelegele. Haya, abaki! Nani atampeleka kuongezewa damu? Hilo hakuna aliyejisumbua kuliuliza. Leonia alikuwa amechoka, hata kulia hawezi.

Alhamisi daktari alimpa majibu ya vipimo vya wote watatu, yeye, mume na mtoto. Jeni iitwayo RPL5 ina hitilafu. Ndiyo yenye maelekezo ya protini inayosaidia kujenga ribosomu, mitambo midogo ndani ya seli. Ujenzi ukikwama, na damu haitengenezwi vizuri.

"Imetoka kwa baba," alisema daktari. "Yeye ilimwachia kidole tu. Si kosa lake, wala si lako."

Jioni Siwema alimpokea mjukuu, akakibusu kile kidole kama kawaida yake. "Huyu wetu."

"Ndiyo mama, ni wenu," Leonia alisema, mzigo ungali begani. "Kidole na ugonjwa vimekuja pamoja." Akaeleza yote bila hasira, hasira nayo hutaka nguvu.

Siwema alikaa chini. Kabla ya Ngassa alizika wachanga wawili, viganja vyeupe kwa kukosa damu, kidole hikihiki. Miaka arobaini aliambiwa tumbo lake lina mkosi, naye akaamini.

"Kumbe wale wangu..." Alilia kama mtu aliyefiwa leo.

Kisha akajifuta kwa pindo la kanga. "Jumamosi wazee wakija, nitawajibu mimi. Na safari ijayo ya Tabora, mtoto nitambeba mimi. Umechoka, mwanangu."