Pumzi Iliyobanwa

Fundi sauti mmoja alikuwa na mdomo. "Muziki uliobanwa ili faili liwe dogo na usiobanwa ni kitu kilekile," alikuwa akiwacheka wenzake wa studio, "labda uwe na masikio ya popo!" Kompyuta ilipojaa, akazibana nyimbo zote, alizoimba mkewe zikiwemo, na nakala halisi akazifuta bila kupepesa macho.

Mwaka huu mkewe alifariki. Binti yao akavaa hedifoni amsikilize mama yake.

"Baba, hapa kabla hajaanza kuimba, kuna kitu kinakwaruza kama mchanga. Ni nini?"

Fundi alikijua. Ilikuwa pumzi ya mkewe iliyoharibiwa na kule kubanwa, pumzi aliyoivuta kila mara huku akimtazama yeye kupitia kioo cha studio.

"Ni mitambo tu, mwanangu," akasema.