Kima na Kibali cha Nyuma ya Mlima

Walimwita Kima, naye hakukasirika. Mtu amepanda minara ya umeme tangu ujana mpaka mvi zikamwingia, anapanda kama anapanda kitandani kwake, ulitaka wamwite Kobe? Hata alipovunjika nyonga na kurudi kazini kwa fimbo, jina lilibaki palepale. Na binti yake alipoajiriwa kazi hiyohiyo, mafundi hawakuumiza vichwa. Wakamwita Kima Mdogo, yakaisha.

Mafundi wa laini kubwa za umeme wana mambo yao, na ni vizuri uyajue mapema. Minara yao ina namba, zimegongwa kwenye bati pale chini, lakini nani anazisoma? Mnara ulioinama wanauita Mlevi. Uliopakwa rangi mpya wanauita Bibi Harusi. Na ule mrefu kupita yote, uliosimama peke yake nyuma ya mlima, ukingoni mwa korongo, huyo ni Mama Mkwe, kwa sababu huwezi kumwendea bila adabu. Halafu kuna neno hawalitaji. Neno lenyewe ni kuanguka. Kijiko kikiwaponyoka mezani, kimeshuka. Mtoto akijikwaa, ameshuka. Kima mwenyewe, ambaye nyonga yake ilivunjwa na huyohuyo Mama Mkwe, ukimuuliza ilikuwaje atakwambia, "Nilishuka vibaya," kisha anakuuliza hali ya watoto.

Baada ya ile nyonga alipewa kiti cha ofisini apange vocha za vipuri. Akanyauka. Mtu aliyezoea upepo wa mlimani unamwekea feni! Ndipo kampuni ikanunua droni, na msimamizi akauliza nani anataka kujifunza kuirusha. Vijana wakatazamana. Kima akainua fimbo. Akasoma, akafanya mtihani, akapata leseni. Siku ya kwanza aliyoipandisha mpaka kichwani kwa Mlevi, akaona kwenye kioo cha rimoti kila kikombe kinachoshikilia nyaya na kila nati kama anavigusa, alilia mbele za watu.

"Niko juu," alisema. "Jamani, nimekaa kwenye kigoda na niko juu!"

Wenzake walimcheka mpaka wakachoka, naye akacheka nao huku machozi yanamtiririka.

Shida ikawa Mama Mkwe. Kanuni za anga zinasema anayerusha droni lazima aione kwa macho yake muda wote. Nyuma ya mlima hakufiki gari, njia ya miguu nyonga ya Kima haiiwezi, na mwingine mwenye leseni hakuna. Ukaguzi wa baada ya mvua nao ulikuwa umeshapangwa. Siku hiyo umeme ungezimwa, na Mama Mkwe angekaguliwa, iwe kwa droni au kwa mtu. Mtu mwenyewe alikuwa ameshateuliwa. Kima Mdogo.

"Baba, mimi napanda vizuri," binti alimwambia, akifunga kamba za viatu mlangoni. "Hata msimamizi anasema."

"Najua, mwanangu. Hata mimi nilikuwa napanda vizuri."

Binti akaendelea na viatu vyake.

Sasa, kanuni zenyewe zina mlango. Unaweza kuomba kibali maalumu usamehewe kanuni moja, ukieleza namna utakavyowalinda watu. Kima akajaza fomu, ukurasa baada ya ukurasa, akavaa shati la kutokea, akaipeleka mwenyewe kwenye ofisi ya usafiri wa anga.

Kilichomkuta mle ndani hakukitarajia. Ukuta mzima ulikuwa ramani, na haikuwa ramani ya nchi kavu, ilikuwa ya anga! Maisha yake yote Kima alijua kule juu ni uwazi tu, Mungu na ndege wake. Kumbe kuna njia kuu na vichochoro, kuna mipaka, kuna mahali pa kubisha hodi. Alisimama pale na fimbo yake, mdomo wazi, mpaka afisa mwenye meza akamwita mara ya pili. Alikuwa mama wa makamo, miwani ameipandisha kwenye paji la uso, mafaili yamemzunguka kama kuta za kisima.

"Karibu, mzee. Kaa. Hebu niambie, huyu Mama Mkwe ni nani, na kwa nini unaomba kumpita juu ya kichwa?"

Kima akaeleza. Mama yule akacheka mpaka miwani ikateremka yenyewe puani.

"Nipe namba, mzee wangu. Ramani yangu haina mkwe."

Kima akampigia simu binti yake, namba zikasomwa, zikaandikwa. Alidhani yamekwisha. Afisa akafunua ukurasa wa nyuma, akaweka kidole.

"Na hapa umeacha wazi. Chombo kikianguka, kitaangukia wapi, na nani atakuwa chini?"

Kima akatazama dirishani. "Hilo neno kwetu haliandikwi, mama."

Safari hii afisa hakucheka. "Kwetu ndiyo kazi yenyewe. Kila faili unaloliona humu ni la kitu kinachoweza kumwangukia mtu. Nikikupa anga bila jibu, usingizi nitaupata wapi? Kakae pale kwenye benchi ufikiri. Sikufukuzi."

Kima akatoka, akakaa kwenye benchi ya ukumbini, kalamu mkononi. Akasoma lile swali. Akalirudia. Mwili ukamsisimka, nywele zikamsimama mikononi. Nani atakuwa chini? Ofisi za ghorofa hizi zote, mihuri, ramani, watu wazima wenye tai, wamekaa wakaona haiwezekani kitu kisichozidi uzito wa birika kipite angani kabla mtu hajajibu swali hilo. Basi yeye alipokuwa akipanda, yeye mwenye damu na mke, nani aliwahi kuuliza? Hata mwenyewe hakujiuliza. Alikuwa kule juu anapiga mluzi, na mkewe chini nyumbani anafungulia redio sauti ya juu ili asisikie mawazo yake.  Kima hakumlaumu mtu. Alishangaa tu, mshangao mkubwa mpaka ukamwuma kifuani, kwamba swali dogo namna hiyo lilikuwepo duniani na yeye hajawahi kukutana nalo.

Akapiga moyo konde, akaandika.  "Kikianguka, kitaangukia korongoni kwenye mawe, pasipoishi mtu. Chini atakuwepo mtazamaji mmoja mwenye redio, mbali na njia ya chombo." Fomu ikataka kujua mtazamaji ni nani. Akaandika, binti yangu.

Afisa akasoma taratibu. "Na mawasiliano yakikatika huko nyuma?"

"Inapanda juu, inarudi nilipo. Yenyewe."

"Yenyewe," akasema mama yule, akatikisa kichwa. "Nayasoma haya kila siku, mzee, na bado nashangaa."

Kibali kilitoka na masharti tele, siku ya kuzima umeme ikiwa imekaribia kiasi cha kumnyima Kima hamu ya kula. Lakini kilitoka.

Asubuhi ya siku yenyewe aliketi kwenye kigoda chake upande huu wa mlima, mafundi wote wamemzunguka, redio ya mkononi iko magotini. Binti alikuwa ametangulia kwa miguu. Droni ikainuka, ikawa kama kunguru, ikawa kama nzi, ikavuka mgongo wa mlima, ikapotea. Mlio wake nao ukazimika masikioni. Kima akabaki na kile kioo tu.

Lo! Alizipanda laini hizi maisha yake yote, na hakuwahi kuuona mlima kwa nyuma namna hii, kwa macho ya ndege. Korongo lilifunguka chini yake, kina mpaka macho yakaogopa. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka kwenye mawe, na nyaya zikapita juu yake, nyembamba, zimebeba taa za miji yote ile. Na mbele, pweke, ametulia, Mama Mkwe. Kima hakuwa amemwona tangu siku ile ya nyonga. Alivua kofia bila kujua anaivua, na fundi mmoja nyuma yake naye akavua yake.

"Baba, naiona!" redio ikasema. "Iko juu yangu kushoto. Mungu wangu, ni kadogo!"

Akaisogeza taratibu hadi mkono wa juu wa mnara, pale ambapo kila fundi akifika hufunga mkanda wake kwenye chuma kimoja kabla ya kuachia mikono. Kutoka chini chuma kile huonekana kizima. Akaizungusha droni, akakitazama kwa nyuma. Kutu ilikuwa imekila chote. Kilichobaki kilikuwa ngozi tu, na pini inaning'inia.

Mafundi wakainama kutazama kioo.

"Baba? Unaona nini?"

Akaisogeza kamera karibu zaidi na ile pini.

"Baba!"

Akaibonyeza redio, mafundi wote wakimsikia. "Ungeanguka, mwanangu," akasema. "Ungeanguka."

 Kima akainamisha kamera, na kule chini kabisa, kando ya mawe, akaiona kofia ngumu ya njano, ndogo kama punje ya mahindi.

"Uko wapi?" akamwuliza.

"Si hapahapa uliponiweka? Niko chini."

"Sema tena."

"Niko chini, Baba."